Mwandishi wa programu sasa ndiye mlinzi wa mitambo

Mkazi wa Sugoi, Kaunti ya Uasin Gishu, anayetaka pasipoti hupitia mlango mmoja: eCitizen. Rais William Ruto, mzaliwa wa kaunti hiyo, alizindua zaidi ya huduma 5,000 katika mtandao huo Juni 30, 2023. Kabla ya mwezi kutimia, wadukuzi waliufurikisha kwa maombi mengi kupita kiasi na huduma zikakwama.

Zamani mwandishi wa programu aliikabidhi kwa msimamizi wa mitambo, akaenda zake. Ilipokwama, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Siku hizi, katika kampuni nyingi, mwandishi ndiye pia mlinzi, na masahihisho hupimwa na kusambazwa na programu nyingine bila mkono wa mtu. Ni utaratibu wa haki, ingawa humnyima usingizi.

Hata hivyo, kosa nalo husafiri kwa kasi iyo hiyo. Julai 19, 2024, sasisho moja la kampuni ya Marekani, CrowdStrike, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Lau lingetangulizwa kwa wachache, hasara ingepungua. eCitizen, inayotegemewa na taifa zima, haina budi kusambaza mabadiliko yake hatua kwa hatua, na ijulikane ni nani anayeamshwa usiku wa manane.