Alamisho za Wasomaji Zina Nafasi Maktabani

Leo natoka kidogo katika vina na mizani niingie maktabani. Zipo zana za intaneti zinazomwezesha msomaji kuhifadhi alamisho, kuipa lebo kwa maneno yake mwenyewe na kuwashirikisha wengine. Je, zina faida kwa maktaba? Mimi nasema zinayo, na kwetu sisi watu wa ushairi faida hiyo ni kubwa zaidi.

Tazama jinsi diwani inavyopata makazi rafuni. Katika mpangilio wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876, fasihi ya Kiswahili huingia katika fungu la 896, pamoja na fasihi nyingine za Kiafrika. Mada nayo mara nyingi huandikwa kuwa ni ushairi wa Kiswahili, basi. Utenzi, ukawafi, tarbia na takhmisa vyote hurundikwa humo humo, na mwanafunzi anayetaka takhmisa hana budi kupekua rafu nzima. Msomaji aliyekwisha kukipitia kitabu angeandika lebo tatu tu, takhmisa, Kimvita, mawaidha, na anayemfuata angefika moja kwa moja.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka maelfu ya picha zake za kale katika Flickr, ikawaruhusu watu wote kuzitia lebo na maoni. Wasomaji waliwatambua watu na mahali ambapo maktaba yenyewe haikuwa imepatambua.

Wanaopinga husema kuwa lebo huleta vurugu: mmoja ataandika utenzi, wa pili utendi, wa tatu tenzi, na kompyuta itaona vitu vitatu. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, tofauti hiyo yenyewe ni elimu, kwani utendi ni tamko la lahaja za kaskazini, kama Kiamu. Mkutubi mwerevu huyaunganisha maneno hayo yaelekeze mahali pamoja, bila kufuta hata moja.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Delicious, iliyoanza mwaka 2003, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikauzwa tena mwaka 2011, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Pinboard, watumiaji wakazuiwa kuongeza alamisho mpya. Maktaba iliyoweka jasho la wasomaji wake humo haikuwa na kauli. Nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba lebo za wasomaji zikaribishwe, lakini zihifadhiwe ndani ya katalogi ya maktaba yenyewe, na kando yake iwepo orodha ya istilahi za ushairi iliyopangwa na wakutubi pamoja na malenga. Kazi hiyo ni yetu pia. Tunalalamika kila siku kwamba vijana hawazijui bahari za ushairi wetu. Watazijuaje, ikiwa hata katika katalogi ya maktaba hawawezi kuzitafuta kwa majina yake?