Ilani ya Watunzi na Wasomaji wa Hadithi za Simuni

Mwenzetu mmoja alikuwa akiandika hadithi yake jikoni, kwenye simu iliyopasuka kioo, watoto wakishalala. Alisubiri bando la usiku kwa kuwa la mchana lilimshinda bei. Kila Jumatatu na Alhamisi aliweka kipande kimoja kundini, na mwisho wake akaandika neno linalomkera na kumtia hamu kila msomaji wetu: itaendelea. Alifika sehemu ya 31. Usiku huo, kabla hata hajaiweka simu kwenye chaji, ukaingia ujumbe wa mtu asiye na jina wala picha: "Umeishiwa. Kapike." Ukafuata wa pili, kisha wa tatu, yote kutoka akaunti zilizofunguliwa wiki ileile. Sehemu ya 32 haikutoka, na sasa umepita mwaka na ushei.

Sisi tuliokuwa tukiisoma tulibaki na arosto, kama vijana wanavyosema. Tulimbembeleza wiki mbili tatu, kisha tukahamia kwa mtunzi mwingine. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Kila mmoja wetu aliona kwamba mtunzi amekosewa, ila hatukuwa tumewahi kukaa tukakubaliana kosa lenyewe ni lipi. Ni kuficha jina? Ni ukali? Ni lile neno "kapike"? Tulinyamaza kwa kukosa la kusema. Ilani hii ni jibu letu. Limechelewa, na tunalitoa hadharani.

Sisi ni watunzi na wasomaji wa hadithi za Kiswahili zinazoandikwa simuni na kusomwa simuni. Tupo Tanzania na Kenya, na wenzetu wengine wanatusomea Muscat na Minnesota. Tunaandika vipande vipande. Anayelipwa hulipwa kwa M-Pesa, shilingi mia tano za Tanzania, au elfu moja kwa hadithi nzima. Wanaotusoma ni walinzi wa usiku, wauguzi walio zamu, dada wa kazi, wanafunzi, makondakta wanaosubiri gari lijae. Wengi wao wanaishi mahali ambapo duka la vitabu la karibu ni safari ya basi. Baadhi yetu tulianza kusoma kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vilivyopita mikono kumi mpaka ganda likang'oka na ukurasa wa mwisho ukapotea. Msomaji wa wakati ule akitaka kumwambia mtunzi neno, alinunua stempu. Akakaa, akafikiri, akaandika barua, na barua ikasafiri siku nyingi. Leo hukumu inafika chai haijapoa. Hatuombi kurudi kwenye stempu. Tunasema tu kwamba ule muda wa kufikiri ulikuwa ukifanya kazi kubwa, na tangu uondoke hakuna kilichokaa mahali pake.

Tulipoanza kukutana, wapo waliotaka kila mhakiki ajitaje: jina kamili, picha, ikiwezekana hata namba ya simu. Tulibishana kwa miezi. Tumelikataa pendekezo hilo, na tunaeleza sababu, maana tunajua litarudi kila mara mtunzi atakapoumizwa.

Kulikuwa na hadithi ya mume anayemnyang'anya mkewe mshahara na kumpiga. Mtunzi, mwanamume, aliandika kwamba mke alipopigwa alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Asubuhi yake msomaji mmoja aliyejificha nyuma ya lakabu akaandika kwamba hapo pamekosewa. Alisema mwanamke wa aina hiyo hapigi kelele, kwa sababu chumba cha pili kuna watoto. Yeye, alipokuwa akipigwa, alikuwa akihesabu vyombo kwenye kabati: sahani sita, bakuli nne, kikombe kimoja kisicho na mkono. Alipomaliza kuhesabu, alianza upya. Mtunzi aliifuta sehemu nzima akaiandika tena, na katika hadithi ile hakuna kipande kinachoifikia. Sasa fikirini: kundini humohumo alikuwamo wifi ya yule mama, na watu wawili wa jumuiya yake. Tungemlazimisha kujitaja, yale maneno yasingeandikwa kamwe. Hadithi ingebaki na kelele za uongo, na wasomaji wengine kumi waliopitia hayohayo wangeisoma na kujua kwamba mtunzi hawajui.

Sababu ya pili ni adabu yetu wenyewe. Tumelelewa kutomwambia mkubwa usoni kwamba alichokifanya hakikufaa. Kijana wa kidato cha nne hawezi kumwambia mwalimu wake, tena kwa jina, kwamba mhusika wake mkuu hana uhai. Atasema "hongera sana mwalimu" na kuongeza vidole gumba vitatu. Ndiyo maana chini ya hadithi nyingi kuna hongera tupu, ukurasa baada ya ukurasa, na mtunzi aliyeandika miaka mitano hajawahi kuambiwa kwamba mazungumzo ya wahusika wake yote yanafanana. Heshima hiyo ni nzuri sebuleni. Kwenye kazi ya sanaa inamwacha mtu gizani. Na jina lenyewe husema mengi kabla hoja haijasikika: dini, jinsia, mtu ni wa Bara au wa Pwani. Tunataka hoja ya binti wa miaka 19 isomwe kabla hajajulikana kuwa ni binti wa miaka 19.

Basi jina lifichwe, anayetaka. Lakini je, yule wa "kapike" naye?

Hapa tulirudi nyuma kutafuta, na tulichokikuta kilikuwa chetu. Washairi wa Kiswahili wamejificha nyuma ya lakabu kwa vizazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alirushiana mashairi makali na wenzake wa Lamu. Magazeti yalipokuja, tangu Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, malumbano yakahamia kwenye kurasa. Mtu aliuliza kwa shairi, akajibiwa kwa shairi, na wengi walitia sahihi kwa lakabu. Matusi ya mafumbo yalikuwamo, tena ya kuchoma. Ila tazameni sharti lake. Aliyetaka kumponda mwenzake kwa shairi la tarbia alipaswa kukaa chini atunge beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, vina vya kati vikubaliane na vya mwisho vikubaliane. Kina kikivunjika, anachekwa yeye. Kulijibu shairi la mtu ilibidi kwanza ulisome mpaka ulielewe, uishike bahari yake, ndipo uingie. Shambulio lilikuwa na gharama, na gharama ilikuwa kazi. Na lakabu ilikaa. Aliyeitumia mwezi huu alirudi nayo mwezi ujao, wasomaji wakijua kwamba huyu ndiye aliyesema vile na akashindwa kujibu. Mtu hakujulikana uso, lakini aliweka heshima rehani.

Mtu ni nani, mtoto wa nani, hatuhitaji kujua. Tunachodai ni hicho kilichopotea: gharama. Jina unaweza kulificha, kazi huwezi.

Kwa hiyo anayehakiki miongoni mwetu achague lakabu moja na akae nayo. Aseme ni sehemu ya ngapi, na ni tukio gani. Aseme yeye kama msomaji kilimpata nini pale. "Nilipotea sehemu ya 9, sikujua tena nani anazungumza" ni uhakiki kamili, wa mstari mmoja, na mtunzi ataufanyia kazi usiku uleule. "Inaboa" tunaihesabu kama haikuandikwa, na vivyo hivyo nyota moja isiyo na neno. Hata nyota tano zisizo na neno hatuzihesabu. Ukali tunaukaribisha. Mashairi huru yalipozua ugomvi baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko walisemana kwa ukali ambao ukiusoma leo bado unahisi joto lake, na wanafunzi wa vyuo hadi sasa wanajifunza kutoka hoja zile kwa sababu zilihusu mizani, vina na maana ya ushairi. Sema hadithi imekufa. Onyesha tu ilipokatia roho.

Jiko la mtunzi, ndoa yake, mwili wake, kabila lake na watoto wake havimo ndani ya hadithi. Anayeviingiza ameacha kuhakiki, na lakabu yake haitamlinda kwetu: admini atamtoa, na sababu itatangazwa kundini. Yule mlipaji anayesema "nimetoa elfu yangu, nitasema nitakalo" tunamjibu hivi: elfu yako imenunua hadithi. Ukicheleweshwa mwendelezo, dai mwendelezo, una haki. Utu wa mtunzi hukuuziwa.

Na sisi watunzi tuna letu. Mmoja wetu, mtunzi anayependwa sana, aliumizwa na uhakiki wa lakabu fulani akaamua kumsaka mwenyewe. Alilinganisha namna ya kuandika: mtu huyu aliandika "ckia" badala ya "sikia", aliweka nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Alichukua picha za skrini, akaziweka pamoja kama mpelelezi wa riwaya, akampata. Alikuwa mpwa wake, mvulana wa miaka 17. Kila alichokisema kuhusu ile hadithi kilikuwa kweli, na mtunzi mwenyewe ndiye aliyetusimulia hivyo kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Kijana aliomba radhi mbele ya familia. Hajasoma tena hadithi ya mjomba wake. Tangu siku hiyo tumeliandika kama sharti: mtunzi hamsaki mhakiki, hatumi mashabiki wamvamie, hasambazi picha za skrini kumtia aibu. Hafuti uhakiki wa haki kwa sababu unauma. Hafungui akaunti feki kujisifu, jambo ambalo baadhi yetu tumelifanya na tunaliacha leo.

Mtunzi ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kufunga mlango: kuandika juu ya kipande kwamba "hiki nimekiandika nikiwa msibani, kisomeni tu". Hiyo tutaiheshimu bila kuuliza.

Kuna kukosa jina kwa aina nyingine ambako hatukuvumilii hata kidogo. Hadithi inakopiwa, jina la mtunzi linafutwa, inapestiwa kwingine na kuuzwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinatambua haki ya mtunzi kutajwa. Msomaji anayeficha jina lake analinda cha kwake. Anayefuta la mtunzi ameiba. Ukikuta hadithi iliyonyolewa jina, mwambie mwenye nayo, na usiilipie. Vitisho vya kuua, vya kubaka, vya kuanika picha za mtu, hivyo tutavipeleka polisi, maana sheria za makosa ya mtandao zipo pande zote mbili za mpaka. Uhakiki, hata uwe mkali namna gani, hatutaupeleka polisi. Hatutaki kuishi mahali ambapo mtu anaitwa kituoni kwa sababu alisema hadithi yetu inachosha.

Admini wa makundi tunawaomba kitu kimoja kigumu. Akaunti mpya isome kwanza. Ikae hadithi nzima moja, kuanzia sehemu ya kwanza mpaka tamati, ndipo iruhusiwe kuhakiki. Tunajua ni kazi. Tunajua admini hawalipwi, wengine wanafanya hayo kwenye daladala kwa simu ya kuazima. Tutagawana zamu.

Tumekwisha kuanza. Wasomaji kumi na mmoja waliichukua ile hadithi iliyokatika, wakaisoma upya yote, sehemu 31, kila mmoja kwa lakabu yake, na kila mmoja akaandika alichokiona. Mmoja alisema mama mkwe ndiye mhusika aliyemwogopa kuliko wote, kwa sababu hapandishi sauti hata mara moja. Mwingine alisema sehemu ya 14 hadi ya 17 zingeweza kuwa mbili. Wa tatu aliandika kwamba sehemu ya 6 kisima kimekauka, wanakijiji wameondoka na ndoo tupu, lakini sehemu ya 19 yule binti anateka maji hapohapo, na hakuna aliyeshangaa. Tulimtumia mtunzi yote bila kumwomba chochote.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi, saa saba usiku, saa ya bando lake, ukaingia ujumbe.

"Aliyeuliza habari za kisima, mwambieni masika ilikuwa imepita katikati. Kilijaa. Nilisahau kuiandika mvua. Naiandika sasa."