Redio ya Amerika Ilinyamaza, Sisi Tunasikia Kwa Nani?

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wa nyumbani, tarehe 15 mwezi wa tatu 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza. Siku moja mbele, Rais Trump alitia sahihi amri ya kupunguza shirika lenye kuisimamia, na wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaambiwa wabaki kwao. Mahali pengine kwa mawimbi mulibaki muziki tu.

Kuna wenye kusema: tuko na telefone, mawimbi mafupi ni mambo ya wazee. Tunakatala. Mega zinakula mushahara, na wakubwa wakitaka kukata intaneti wanakata. Tuliona kisha uchaguzi wa 2018. Mawimbi mafupi yanapanda, yanagonga juu, yanarudi chini mbali sana. Wewe unahitaji mapile mbili tu. Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza, wenye ndugu kule walilala na redio kwa masikio.

Kisha, tarehe 22 mwezi wa pili, serikali yetu ikasimamisha kobalti kwa miezi mine. Patron mumoja (jina tunaacha) akaambia wenzetu: kobalti imekatazwa, basi prime hakuna. Kumbe kwa redio njo tulisikia vizuri: kilichokatazwa ni kutuma inje, si kuchimba. Neno hilo moja lilitusaidia mezani kuliko makelele ya wiki nzima.

Lakini tusidanganyane. Redio hii ni ya serikali, franga zake zinatoka kwa bunge la Washington. Sheria ya 1976 inasema habari zake ziwe za kweli, bila kupendelea. Sheria haikuzuia mwenye redio kuizima. Inchi yao inataka shaba na kobalti yetu, sawa vile Uchina inazitaka, na Uchina wanatangaza Kiswahili tangu 1961. Hao hawakuzima. Mambo ya mugodi wenye patron Muchina, je, tutayasikia kwa redio ya Wachina? RFI na ile ya Wajerumani zinabaki, lakini nazo zinalishwa na mataifa yao.

Kituo kimoja cha Waamerika cha kutuma mawimbi kilijengwa Botswana, karibu na Selebi-Phikwe, muji wa nikeli na shaba. Mugodi wa kule ulifungwa 2016, maelfu wakakosa kazi. Minara ikaendelea kusema na Afrika.

Tarehe 22 mwezi wa ine juge Royce Lamberth aliamuru watangazaji warudishwe. Serikali ikakata rufaa. Sisi wa sendika tunajua hiyo: hukumu iko mukononi, na mulango wa usine ungali na kufuli.

Kuanzia wiki hii, delege wa kazi ya usiku atabandika bei ya shaba ya London kwenye ubao wetu. Mwenye redio yenye kushika masafa mengine ya Kiswahili, alete namba na saa yake.