Tarakilishi Mpya na Wapangaji Wasioalikwa

Mwanafunzi anayenunua kipakatalishi kipya mjini Kitale, au yule wa Chuo Kikuu cha Kibabii anayekinunua mjini Bungoma, hukifungua kisanduku akiamini kwamba amenunua chombo kitupu. Sivyo. Ndani wamo wapangaji waliomtangulia: programu ya kukinga virusi ya majaribio ya siku 30, michezo, vifupisho vya maduka ya mtandaoni na vikumbusho vya mtengenezaji visivyokoma. Je, awafukuze au awavumilie? Makala haya yanashikilia kwamba wafukuzwe, ila kwa uchambuzi, wala si kwa pupa.

Kwanza, ni vyema kufahamu kiini cha upangaji huu. Faida ya mtengenezaji katika tarakilishi ya bei nafuu ni ndogo. Hivyo basi, kampuni za programu humlipa ili bidhaa zao zimfikie mnunuzi kabla hajachagua nyingine. Kwa hiyo, programu hizo hazikuwekwa kwa sababu mwanafunzi anazihitaji, bali kwa sababu kuna aliyelipia nafasi hiyo.

Gharama yake humwangukia mwenye chombo. Programu zinazoamka pamoja na tarakilishi hula kumbukumbu, na katika kipakatalishi chenye gigabaiti 4 pekee, hata kuifungua tasnifu huwa ni kungoja. Isitoshe, nyingi hujisasisha kwa siri kupitia intaneti. Mwanafunzi anayenunua bando kwa shilingi za kuhesabu hujikuta akigharimia programu asiyoijua hata jina.

Hatari si ya pesa tu. Kati ya mwaka 2014 na 2015, kampuni ya Lenovo iliuza vipakatalishi vyenye programu iitwayo Superfish, iliyopenyeza matangazo katika kurasa za mtandao. Ili ifanye hivyo, programu hiyo ilijipachika katikati ya mtumiaji na tovuti salama, zikiwemo za benki, na kuacha mwanya ambao wahalifu wangeweza kuutumia. Mwaka 2017 Lenovo iliafikiana na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ikalazimika kuomba idhini ya mtumiaji kabla ya kuweka programu za aina hiyo. Swali linaloibuka ni hili: iwapo idhini ina uzito kiasi hicho huko, mbona mnunuzi wa Kitale aione kuwa anasa?

Wapo wanaohoji kwamba asiyejua asiguse, asije akaharibu. Hoja hii ina mashiko. Zipo programu ndogo zinazoiwezesha kamera, spika na kibodi kufanya kazi, hizo zisiguswe. Sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya kuirejesha tarakilishi katika hali yake ya awali nayo isifutwe. Hata hivyo, programu ya majaribio ya kukinga virusi ikiondolewa, kinga ya Windows yenyewe hushika zamu. Kanuni basi ni nyepesi: kisichojulikana kichunguzwe kwanza, na kisichohitajika kiondolewe kimoja kimoja. Kitale ni makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed. Mkulima wa huko hatii mbegu ardhini bila kuuliza ni ya aina gani. Msomi naye na aulize vivyo hivyo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, yupo mpangaji mwingine asiyetajwa sana: Kiingereza. Tarakilishi huja ikiwa imepangwa kwa lugha hiyo, na insha safi ya Kiswahili hutapakaa mistari myekundu kana kwamba kila neno ni kosa. Baya zaidi, maneno hubadilishwa mwandishi asipotazama. Ilhali njia ipo tangu zamani: mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo imewahi kutoa sura ya Kiswahili ya Windows. Anayefuta michezo lakini akaacha usahihishaji wa Kiingereza utawale tasnifu yake ya Kiswahili amefagia ua, nyumba ameiacha na vumbi.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Programu isiyoshika jembe haina sababu ya kubaki. Ni jukumu la vyama vya Kiswahili vyuoni kutenga siku moja mwanzoni mwa kila mwaka, wanafunzi wapya waletewe mafunzo haya kwa Kiswahili sanifu. Istilahi zitakomaa kwa kutumiwa, na chombo kitamtumikia aliyekinunua.