Hewa ya Uluguru Si Shamba la Bibi

Imezuka nchini biashara mpya ambayo bidhaa yake haishikiki mkononi wala haiwekwi juu ya mizani ya sokoni. Ni biashara ya hewa ukaa. Mwenye kiwanda au ndege huko Ulaya hutoa moshi. Mti wa Afrika huivuta hewa ile na kuiweka katika shina, mizizi na udongo. Na yule mwenye moshi hulipa ili msitu uliokuwa katika hatari ya kukatwa usikatwe, kisha huandika katika vitabu vyake kwamba moshi wake umefutwa. Tani moja ya hewa ukaa ni cheti kimoja, na cheti huuzwa na kununuliwa kama robota la katani. Sisi ambao kwa miaka mingi tuliuza katani, pamba na kahawa kwa bei iliyopangwa na wengine, yatupasa kuitazama biashara hii kwa macho makavu.

Twazungumza leo juu ya milima ya Uluguru, na si kwa bahati tu. Pale chini ya milima hiyo, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ndipo kilipoanzishwa mwaka 2016 Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, ambacho Kanuni za Biashara ya Kaboni za mwaka 2022 zilikipa kazi ya kuiratibu miradi yote ya namna hii. Daftari la hewa ya taifa limewekwa Morogoro. Na juu ya daftari hilo, ukiinua macho tu, waona msitu wenyewe: msitu uliowekewa mipaka tangu enzi za Mjerumani, ukafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, wenye ukubwa unaozidi hekta 24,000. Humo ndimo yanamotoka maji ya Ruvu. Mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyesimama na ndoo tupu Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na maji yakagawiwa kwa zamu, anaujua msitu huo hata kama hajapata kufika Matombo wala Mgeta.

Waluguru hawakuanza leo kuambiwa watunze milima kwa faida ya watu walio mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, wakakatazwa kuchoma mashamba, na aliyekaidi alitozwa faini. Udongo wa juu, ambao kule ni mwembamba, ulifukiwa chini katika kuchimba, na mazao yakapungua. Mkulima alitoa jasho, na aliyeagiza hakupoteza hata debe moja la mahindi. Mnamo Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakatumia nguvu, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukavunjika. Wakubwa wa wakati ule walisema wananchi hawa ni wajinga wasiojua thamani ya udongo.

Lakini tazama yaliyotukia baada ya nusu karne. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalileta Uluguru utaratibu mwingine, katika vijiji vya Kibungo Juu. Mkulima alilipwa kwa kupanda miti na kuchimba matuta, na miongoni mwa waliokubali kulipa walikuwa shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha soda, yaani watumiaji wa maji yenyewe. Wajukuu wa watu waliokataa matuta mwaka 1955 wakayachimba kwa hiari! Malipo hayakuwa makubwa, wala wanunuzi hawakuwa wengi, lakini tofauti yake na amri ya mkoloni inaonekana: safari hii kulikuwa na mapatano, na aliyechimba alijua anapata nini.

Tuitazame sasa hewa ukaa. Mwaka 2008 Norwei iliahidi kuisaidia Tanzania kwa krona milioni 500 katika miaka mitano ili kujiandaa kwa biashara hii. Katika wilaya ya Kilosa, mkoani humu humu Morogoro, vijiji vilipima ardhi, vikatenga misitu yao, vikaweka walinzi, na wanakijiji wakapata fedha za majaribio mikononi mwao. Majaribio yalipokwisha mwaka 2014, soko kubwa lililotarajiwa halikutokea. Msitu ulibaki, mlinzi alibaki akidai posho yake, mnunuzi hakuonekana. Vijiji kadhaa vya Kilosa viliokolewa na kitu ambacho wataalamu wengi hawakukipenda, nacho ni mkaa: mkaa unaokatwa kwa zamu na kwa ramani, ushuru wake ukiingia katika mfuko wa kijiji na kujenga madarasa. Hatusemi hivi ili kuisifu moshi ya tanuri. Twataka ieleweke tu kwamba kijiji chenye mnunuzi mmoja aliye ng'ambo ya bahari ni kijiji chenye njaa siku mnunuzi huyo anapobadili nia.

Wako waliofanikiwa, na haki yao tuwape. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepata mabilioni ya shilingi kutokana na msitu wa milima ya Ntakata, vikajenga shule na zahanati na kuwalipia watu bima ya afya. Wahadzabe wa bonde la Yaeda nao wameuza hewa ya nchi yao na kulinda ardhi yao kwa hati. Hapo wenye msitu walikuwa na hati mkononi kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Huko ulimwenguni, hata hivyo, bidhaa hii imeingiwa na uchafu. Januari 2023 magazeti ya Uingereza na Ujerumani yalitoa uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua vilivyopitishwa na shirika kubwa la Verra huenda havikupunguza moshi wowote, Verra lilikanusha. Oktoba mwaka huo huo kampuni ya South Pole ilijitoa katika mradi wa Kariba, Zimbabwe, baada ya hesabu zake kutiliwa shaka. Udanganyifu huingia hivi: cheti huhesabiwa kwa kukisia miti mingapi ingalikatwa kama mradi usingalikuwapo. Mwenye kukisia akitia chumvi, vyeti huzidi, na anayepata faida ya chumvi hiyo ni dalali. Siku uongo unapofichuka bei huanguka, na wa kuanguka nayo ni mwanakijiji.

Kwa hiyo twauliza juu ya hati ya maelewano ya Februari 2023 baina ya nchi yetu na kampuni ya Blue Carbon ya Dubai, iliyotaja hekta milioni 8 za misitu. Ni zaidi ya mara 300 ya hifadhi yote ya Uluguru. Hati ya maelewano si mkataba, hilo twalijua. Lakini wananchi wanaoishi kando ya misitu hiyo wanastahili kusikia kilichoandikwa kabla, si baada.

Watu wetu wakiona mali isiyo na mwenyewe huiita shamba la bibi. Kule Uluguru msemo huo una mzaha wake, kwa kuwa shamba kweli hutoka kwa bibi: ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Basi atakayekwenda kule na mkataba wa miaka thelathini, akamwita mwenyekiti na mabwana wanne chini ya mwembe wakatia saini, ajue hajaonana na wenye ardhi.

Twataka mambo haya yafanywe. Kila mkataba wa hewa ukaa uandikwe kwa Kiswahili na usomwe neno kwa neno katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, akina mama wakiwapo. Bei ambayo cheti kimeuzwa ng'ambo ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji, kando ya kiasi kilichofika kijijini, ili kila mtu apige hesabu mwenyewe. Na pale ambapo msitu ni wa Serikali, kama ule wa Uluguru, vijiji vinavyouzunguka viwekewe fungu lao kwa sheria. Vilizima moto wa milima hiyo miaka yote pasipo cheti.

Tena mnunuzi wa kwanza wa msitu wa Uluguru hayuko Ulaya. Yuko Temeke, Ubungo na Kihonda, anafungua bomba. Mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda katika mto Ruvu ulitiwa saini mwaka 2022, na bwawa hilo litajaa matope mapema iwapo miteremko itabaki mitupu. Mamlaka za maji za Dar es Salaam na Morogoro zitenge senti chache katika kila ndoo kwa ajili ya vijiji vya juu, na fungu hilo liingizwe katika makisio ya mwaka ujao wa fedha.