"Usiku Mwema, Afande"

Kuna kasoro moja katika namna tunavyofundisha habari za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Tunamrundikia mwanafunzi tarehe, mikataba na idadi ya maiti, kisha tunastaajabu anapoyasahau yote mara tu mtihani unapokwisha. Nathubutu kupendekeza njia nyingine: tumpe mtu mmoja amfuate hadi mwisho. Mtu wangu leo ni Andrew Mynarski.

Alizaliwa mwaka wa 1916 mjini Winnipeg, nchini Kanada, mwana wa wahamiaji kutoka Poland. Babake alifariki kijana huyu akiwa na umri wa miaka 16, naye akaingia katika kazi ya kukata ngozi ili kusaidia kuilisha jamaa yake. Mwaka wa 1941 alijiunga na jeshi la anga, akafunzwa kuwa mpiga bunduki katika ndege za mabomu. Ndege aina ya Lancaster ilichukua watu saba. Mynarski alikaa katika kibanda cha kioo kilichokuwa mgongoni mwa ndege. Sahibu yake, Pat Brophy, alikaa katika kibanda kingine mkiani kabisa, mbali na wenzake wote.

Brophy alikuwa ofisa, na kwa muda mrefu wa urafiki wao Mynarski hakuwa. Walipoagana jioni baada ya matembezi, Mynarski alizoea kumpigia saluti ya mzaha na kumwambia, "Usiku mwema, afande." Tafsiri ni yangu, na wanaisimu wenzangu watanisamehe nikisita kidogo hapa. Neno "afande" lina asili ya Kituruki. Lilitufikia kupitia jeshi la Misri na askari wa Kisudani walioandikwa na Waingereza, na hadi leo linatamkwa kwa kukakamaa katika kambi zetu. Lakini neno la heshima likitamkwa kwa utani baina ya marafiki, hugeuka likawa ushahidi kwamba cheo hakijawatenganisha.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia tarehe 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi kutua Normandy, ndege yao ilitumwa kupiga njia za reli huko Cambrai, Ufaransa. Ndege ya Kijerumani iliwashambulia. Injini mbili za upande wa kushoto zilizima, moto ukazuka, na rubani akaamuru watu waruke. Mynarski alikuwa akielekea mlangoni alipogeuka na kumwona Brophy amenaswa. Kibanda cha mkiani kilizungushwa kwa nguvu za injini zilizokwisha kuzima, na mtambo wa kukizungusha kwa mkono ulikuwa umevunjika. Mynarski alitambaa kuupita moto, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akajaribu kukivuta kwa mikono mitupu huku nguo zake zikiwaka. Brophy alimwashiria aondoke. Hatimaye alirudi nyuma, uso kwa rafikiye, akasimama mlangoni, akapiga saluti. Kelele hazikumruhusu Brophy kusikia, lakini aliona midomo ikitamka maneno yale yale ya kila jioni.

Mynarski aliruka huku yeye na mwavuli wake wakiwaka moto. Wafaransa walimwokota akiwa hai, akafariki kwa majeraha ya moto. Alikuwa na miaka 27. Ndege ilianguka na mabomu yake, na kishindo kikamtupa Brophy nje, mzima. Wote sita walinusurika. Aliyekufa ni yule mmoja tu.

Sasa tazama jambo hili. Kama Brophy angalikufa, kama ilivyotarajiwa, hakuna binadamu ambaye angalijua yaliyotendeka mkiani mwa ndege ile. Nishani ya Victoria Cross iliyotolewa mwezi wa Oktoba 1946 isingalitolewa, wala shule mjini Winnipeg isingaliitwa kwa jina lake. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, ambamo Wakanada hawa walihudumu, kilipoteza watu 55,573, aghalabu vijana wadogo kuliko Mynarski. Ni wangapi waliogeuka kumrudia mwenzao, wasibakie hata mmoja wa kusimulia?

Yupo mwalimu atakayeniuliza: na waliokuwa chini? Ana haki kuuliza. Mjini Hamburg, Julai 1943, watu zaidi ya 30,000 walikufa. Dresden, Februari 1945, wapatao 25,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Aibu hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za wanaanga hawa kungoja hadi mwaka wa 2012 kujengewa mnara wao London. Mimi sikubali kwamba kumkumbuka Mynarski ni kuwasahau hao. Moto uliomuunguza ulikuwa moto ule ule, na mwanafunzi aliyekwisha kuuona ukishika nguo za mtu mmoja anayemjua kwa jina yuko tayari kusoma habari za Hamburg bila kupiga miayo. Nimelijaribu somo hili mara kadhaa kwa mpango huo, Mynarski kwanza, Hamburg baadaye. Darasa hunyamaza mara mbili.