Chapa za kimataifa za kampuni za China

Chapa za kimataifa za kampuni za China ni majina ya biashara yanayomilikiwa na kampuni za China na kufahamika kwa wanunuzi wa nchi nyingine. Miongoni mwake ni Haier (vyombo vya umeme vya nyumbani), Lenovo (kompyuta), Huawei na Xiaomi (simu na vifaa vya mawasiliano), Tecno (simu), BYD (magari) na TikTok (mtandao wa kijamii).

Tangu mwaka 2010 hivi China inaongoza duniani kwa uzalishaji wa viwandani. Hata hivyo, kwa muda mrefu majina yaliyobandikwa kwenye bidhaa zake yalikuwa ya kampuni za Marekani, Ulaya, Japani na Korea Kusini. Orodha ya chapa 100 za kimataifa zenye thamani kubwa zaidi, inayotolewa kila mwaka na kampuni ya Interbrand, haikuwa na chapa yoyote ya China bara hadi mwaka 2014, Huawei ilipoingia. Lenovo ilifuata mwaka 2015.

Historia ya kampuni zilizofanikiwa inaonyesha kwamba bei nafuu hufungua mlango wa soko, lakini haitoshi kujenga jina. Jina hujengwa pale mnunuzi anapoamini kwamba bidhaa ikiharibika kuna mtu wa kuwajibika.

Kutengeneza bidhaa na kumiliki jina

Kiwanda kinaweza kutengeneza bidhaa nzuri bila jina lake kujulikana. Mfano ni simu za iPhone. Nyingi huunganishwa China, lakini hubuniwa na kampuni ya Apple ya Marekani, na sehemu kubwa ya faida huenda kwa Apple. Kiwanda kinachoziunganisha hulipwa kwa kazi ya mikono na mashine tu.

Mwaka 1992 Stan Shih, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Acer ya Taiwan, alieleza hali hiyo kwa mchoro wenye umbo la mdomo unaotabasamu. Pembe moja iliyoinuka ni utafiti na ubunifu. Pembe ya pili ni jina, mauzo na huduma kwa mteja. Faida kubwa iko kwenye pembe hizo mbili. Katikati, sehemu ya chini kabisa, ndiko kuliko na kazi ya kuunganisha bidhaa.

Kampuni inayobaki katikati hushindana kwa bei peke yake. Mteja wake akipata kiwanda cha bei ya chini zaidi katika nchi nyingine, huhamia huko. Jambo hili limeikuta China yenyewe: mishahara ilipopanda, baadhi ya kazi za kushona nguo na kuunganisha vifaa zilihamia nchi kama Vietnam na Bangladesh. Mwaka 2015 serikali ya China ilitangaza mpango wa "Imetengenezwa China 2025" ili kuvisogeza viwanda kutoka bidhaa rahisi kuelekea teknolojia ya juu.

Tatizo la sifa

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba 2001, na bidhaa zake zikaenea haraka katika masoko ya dunia. Pamoja nazo ilienea sifa ya ubora mdogo.

Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani ilirudisha mamilioni ya vinyago vya watoto vilivyotengenezwa China. Baadhi vilikuwa na rangi yenye madini ya risasi. Lakini vingi vilirudishwa kwa sababu ya kosa la ubunifu lililofanywa na Mattel yenyewe, na kampuni hiyo iliomba radhi kwa China. Kufikia wakati huo lawama ilikuwa imekwisha kuwaangukia watengenezaji.

Kisa kibaya zaidi kilitokea ndani ya China mwaka 2008. Maziwa ya unga ya watoto, yakiwemo ya kampuni ya Sanlu, yaligunduliwa kuwa na melamini, kemikali iliyoongezwa ili maziwa yaonekane yana protini nyingi. Watoto wachanga sita walifariki, na takriban 300,000 waliugua. Baada ya hapo wazazi wengi wa China wenyewe walipendelea maziwa kutoka nje.

Katika Afrika Mashariki maneno "ya Kichina" yalitumika mitaani kwa maana ya kitu kisichodumu. Soko la simu lilichangia sana, kwa kuwa simu nyingi bandia zilibeba majina ya chapa maarufu za nchi nyingine. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo mwezi Juni 2016. Sehemu ya lawama iliwahusu pia waagizaji, kwani kiwanda hutengeneza kwa kiwango ambacho mwagizaji amekubali kulipia.

Njia zilizotumika

Kurekebisha ubora kwanza

Mwaka 1984 Zhang Ruimin alipewa uongozi wa kiwanda cha majokofu katika mji wa Qingdao kilichokuwa karibu kufilisika. Mwaka 1985, baada ya mteja kulalamika, alikagua ghala na kukuta majokofu 76 yenye kasoro. Wakati huo bei ya jokofu moja ilikaribia mshahara wa mfanyakazi wa miaka miwili, na wengine walishauri yauzwe kwa bei ya chini kwa wafanyakazi. Zhang aliamuru yavunjwe kwa nyundo mbele ya wote.

Kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kampuni ya Haier. Nchini Marekani Haier haikuanza kwa kushindana na kampuni kubwa kwenye majokofu makubwa. Ilianza na majokofu madogo, yanayofaa vyumba vya wanafunzi wa vyuo, ambayo washindani hawakuyajali. Mwaka 2000 ilifungua kiwanda Camden, katika jimbo la South Carolina. Mwaka 2016 ilinunua kitengo cha vyombo vya nyumbani cha General Electric kwa zaidi ya dola bilioni 5, na kuendelea kutumia jina la GE kwa wateja waliolizoea.

Kununua jina lililopo

Lenovo ilianzishwa Beijing mwaka 1984 na Liu Chuanzhi na wenzake. Nje ya China ilitumia jina la Legend. Ilipotaka kuuza zaidi ugenini iligundua kwamba jina hilo lilikuwa limekwisha kusajiliwa na wengine katika nchi nyingi. Mwaka 2003 ikaunda jina jipya, Lenovo. Kisa hiki kinaonyesha kwamba alama ya biashara ni mali ya kisheria, na katika nchi nyingi huwa ya aliyewahi kuisajili huko.

Mwaka 2005 Lenovo ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM, pamoja na chapa ya ThinkPad. Iliwabakiza wahandisi wengi, ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kazi, na mwenyekiti wake Yang Yuanqing akahamia Marekani. Mwaka 2013 ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa kompyuta binafsi duniani.

Kampuni ya magari ya Geely ilifuata njia hiyo mwaka 2010 ilipoinunua Volvo ya Uswidi kutoka Ford kwa dola bilioni 1.8, kiasi kilichokubaliwa katika mkataba. Makao makuu yalibaki Göteborg, na magari yaliendelea kubuniwa huko.

Si kila ununuzi ulifaulu. Mwaka 2004 TCL iliungana na biashara ya televisheni ya kampuni ya Thomson ya Ufaransa. Ilipata viwanda na ujuzi wa televisheni za chogo wakati wanunuzi wa Ulaya wakihamia kwenye skrini bapa. Hasara ilikuwa kubwa, na shughuli zake za Ulaya zilipunguzwa sana. Kampuni ilikuwa imenunua jina ambalo teknolojia yake ilikuwa inapitwa na wakati.

Kuanza na soko lililosahauliwa

Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, iliyoanza mwaka 2006, inamiliki chapa za Tecno, Itel na Infinix. Tangu mwaka 2008 ilielekeza nguvu zake Afrika badala ya kushindana nyumbani. Kwa hiyo jina la Tecno linajulikana zaidi Dar es Salaam, Nairobi na Lagos kuliko Beijing.

Transsion iliangalia mahitaji ambayo kampuni kubwa hazikuyapa uzito. Watu wengi walikuwa na laini mbili au zaidi kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, hivyo ikatengeneza simu za laini mbili. Umeme ulikatika mara kwa mara, hivyo ikaweka betri za kudumu na chaji. Ilirekebisha kamera ili zipige vizuri picha za watu wenye ngozi nyeusi, na kuweka kibodi za lugha za Kiafrika, zikiwemo Kiamhari, Kihausa na Kiswahili. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia.

Jambo muhimu zaidi lilikuwa huduma baada ya mauzo. Kupitia Carlcare, mnunuzi alipata mahali pa kupeleka simu iliyoharibika na kupata vipuri halisi. Simu bandia haikuwa na mahali pa kurudishwa. Mwaka 2019 Transsion iliandikishwa katika soko la hisa la Shanghai.

Kuongoza katika teknolojia mpya

BYD ilianzishwa Shenzhen mwaka 1995 na Wang Chuanfu kama kampuni ya betri. Ilianza kutengeneza magari mwaka 2003. Katika injini za petroli Ujerumani, Japani na Marekani zilikuwa zimetangulia kwa miongo mingi. Katika gari la umeme sehemu ghali zaidi ni betri, na hapo BYD ilikuwa na ujuzi wake yenyewe.

Mwezi Machi 2022 iliacha kutengeneza magari yanayotumia petroli peke yake. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023 iliuza magari ya umeme mengi kuliko Tesla. Mwaka 2024 iliuza zaidi ya magari milioni 4.2, yakiwemo yale yanayochanganya umeme na petroli, na ilikuwa mdhamini wa mashindano ya kandanda ya Ulaya yaliyofanyika Ujerumani.

Umaarufu huongeza pia uwajibikaji. Mwezi Desemba 2024 maafisa wa Brazil walisema wamewakuta wafanyakazi 163 wa mkandarasi katika hali inayofanana na utumwa kwenye eneo la ujenzi wa kiwanda cha BYD huko Camaçari. Wafanyakazi hao walikuwa wa mkandarasi, lakini jina lililotajwa duniani lilikuwa la BYD.

Vikwazo vya kisiasa

Kuna imani ambayo kampuni haiwezi kuijenga peke yake. Sheria ya China ya mwaka 2017 kuhusu ujasusi inataka mashirika na raia wasaidie kazi ya usalama wa taifa. Serikali kadhaa husema kwamba kwa sababu hiyo kampuni ya China haiwezi kukataa ikiombwa taarifa za wateja. Huawei na TikTok zimekana kutoa taarifa hizo.

Mwezi Mei 2019 Marekani iliiwekea Huawei vikwazo vilivyoinyima huduma za Google kwenye simu zake mpya. Mauzo yake ya simu nje ya China yalishuka sana, na mwaka 2020 iliuza chapa yake ya Honor. India iliipiga marufuku TikTok mwaka 2020. Mwaka 2024 Marekani ilipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100, na Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10.

Katika hatua hizo hoja za usalama huchanganyika na nia ya kulinda viwanda vya ndani. Baadhi ya kampuni zimejibu kwa kujenga viwanda katika nchi zinakouza. BYD, kwa mfano, ilichagua Hungaria na Brazil.

Maana kwa Afrika Mashariki

Kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki kukua kwa chapa hizi kumeleta nafuu: kampuni yenye jina la kulinda ina sababu ya kuweka mafundi, vipuri na waranti. Kwa upande mwingine, kuunganisha simu au magari ya kampuni ya nje huiweka nchi katikati ya mchoro wa Stan Shih, mahali ambapo China ilianzia. Hali ni hiyohiyo kwa mazao. Kahawa na korosho nyingi za Tanzania husafirishwa zikiwa ghafi, na kuuzwa kwa walaji wa nchi nyingine kwa majina ya kampuni za huko.